Dark: maswali ninayoulizwa kila mtu akifika epi ya tatu

Mimi ndo yule mtu anayewasukumia watu tamthilia ya Dark kwa nguvu. Shemeji zangu, majirani, jamaa wa kazini, mpaka fundi aliyekuja kutengeneza friji. Wote wanakubali, wote wanaanza vizuri, na wote wakifika epi ya tatu au ya nne simu yangu inaanza kuita, "we, huyu mzee ni nani tena?" Nimechoka kurekodi voisi za dakika tano tano, kwahiyo nimeyaandika hapa yote. Ya juu soma bila wasiwasi. Ukifika nilipoandika STOPU na hujamaliza kuangalia, funga, usije ukanilaumu.

Dark ni nini hasa?

Tamthilia ya Kijerumani, ya kwanza Netflix kuitengeneza wenyewe kwa lugha hiyo, ilitoka tarehe 1 Desemba 2017. Waliotunga ni Baran bo Odar na Jantje Friese, ambao ni wapenzi pia, mmoja anaongoza mwingine anaandika. Kuna kamji kanaitwa Winden: msitu, pango, kinu cha nyuklia, na mvua isiyojua kukatika. Watoto wanaanza kupotea. Polisi wanahangaika kujua mtoto yuko wapi, msituni, mtoni, kwa nani, kumbe mtoto yuko palepale mjini ila mwaka mwingine.

Kuna kijana mdogo Mikkel anapenda mazingaombwe, asubuhi mezani anamfanyia baba yake mchezo wa vikombe, baba anauliza umefanyaje, mtoto anamjibu swali si vipi, swali ni lini. Epi ya kwanza kabisa hiyo. Wamekupa jibu la tamthilia nzima mbele ya chai na wewe ulikuwa unatafuta rimoti.

Si ndo Stranger Things ya Wajerumani?

Hapana jamani. Ile ni tamthilia ya Kimarekani, zinafanana mtoto kupotea, baiskeli na miaka ya themanini, basi. Kule kuna dubwana. Huku dubwana ni watu wenyewe na siri zao za ndani ya nyumba, na mimi nakwambia hilo linatisha zaidi.

Niangalie kwa Kijerumani au ile iliyowekewa sauti za Kiingereza?

Kijerumani na sabtaito. Mara nyingi Netflix ukiifungua inakuja na Kiingereza yenyewe, midomo inaenda huku sauti inaenda kule, mtu analia lakini sauti kama anasoma taarifa ya habari. Nenda kwenye mipangilio ya sauti, chagua Kijerumani. Epi mbili tu sikio linazoea. Na sabtaito ina faida nyingine, inakulazimisha uweke simu chini, maana hii kitu huwezi kuiangalia huku unajibu meseji. Ukikosa dakika moja ushapotea.

Ina misimu mingapi, na imeisha kweli au wametuachia hewani?

Mitatu, na imeisha kabisa. Wa kwanza epi 10, wa pili 8, wa tatu 8, jumla 26. Nyingi zinacheza kati ya dakika 45 na saa moja. Msimu wa pili waliutoa tarehe 21 Juni 2019, ambayo ndani ya hadithi ni siku baba yake Jonas, yule kijana mkuu wa hadithi, anajinyonga. Wa tatu wakautoa tarehe 27 Juni 2020, ambayo ndani ya hadithi ni siku ya kiama cha Winden. Sisi tuko ndani na corona, hatutoki, halafu hawa wanatuletea kiama kwa tarehe yake. Sitasahau.

Naweza kuangalia sebuleni na watoto? Na wazazi je?

Watoto hapana. Inaanza na mtu kujinyonga, kuna maiti za watoto na zimeonyeshwa, kuna vitanda. Kama umepoteza mtu kwa namna hiyo ya kujiua, ujue kabisa dakika za mwanzo ni nzito, muombe mtu akuvushe hapo. Wazazi sasa... mimi nilijaribu na baba yangu mdogo. Ilipofika sini ya pili ya kitandani kila mmoja akawa anaangalia simu yake kwa bidii sana. Jipime mwenyewe.

Majina na sura vinanichanganya, nifanyeje?

Hili ndo swali namba moja na jibu lake ni kalamu. Mara ya kwanza mimi niliangalia kwenye simu, usiku, mwanga nimeupunguza nisimuamshe mtu, na hiyo tamthilia yenyewe ni giza tupu, nikamaliza epi nne sijui nani mtoto wa nani. Kesho yake nikabandua kalenda ya zamani ukutani, ile kubwa ya duka la vifaa vya ujenzi, nikaigeuza nyuma, nikaomba kalamu nyekundu na ya bluu za mwanangu wa shule, nikaanza kuchora ukoo kama tunavyochora kwenye vikao vya mirathi. Hapo ndo picha ikafunguka.

Chora familia nne. Kahnwald: kijana Jonas mwenye koti la mvua la njano, mama yake Hannah, bibi yake Ines. Nielsen: Ulrich polisi, mkewe Katharina mkuu wa shule, watoto Magnus, Martha na mdogo wao Mikkel. Doppler: Charlotte bosi wa polisi, mumewe Peter, mabinti Franziska na Elisabeth, huyu wa pili ni kiziwi na anaongea kwa ishara, halafu babu Helge ambaye akili zinakuja na kuondoka. Tiedemann: Regina mwenye hoteli, mumewe Aleksander bosi wa kinu, mtoto wao Bartosz, na mama yake Regina anaitwa Claudia.

Kila mmoja acha nafasi pembeni, maana utakutana naye akiwa mtoto, akiwa mtu mzima na akiwa kikongwe, kila umri na muigizaji wake. Usikariri sura, kariri alama. Helge muangalie sikio. Claudia muangalie macho, moja rangi hii moja rangi ile. Na tumia penseli kwenye mistari ya nani kamzaa nani, kalamu ya wino utajuta, mimi nilijuta epi ya tano.

Netflix nao walitoa tovuti ya ukoo huo ambayo unachagua kwanza umefika epi gani ili isikuharibie uhondo. Nzuri. Ila kuchora mwenyewe kunakaa kichwani zaidi.

Kwa nini kila kitu ni miaka 33?

Hapa naomba mkae vizuri, hili ndo nalipenda kuliko yote, na wengi wetu tunalijua tangu utoto bila kujua kama tunalijua.

Ndani ya tamthilia fundi saa mmoja, Tannhaus, anaeleza kwamba kila baada ya miaka 33 mzunguko wa mwezi na wa jua vinakutana tena. Wanaoangalia wanadhani ni maneno ya muvi. Sio ya muvi. Mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, mwaka wa jua 365, tofauti kama siku 11. Ndo maana Ramadhani kila mwaka inarudi nyuma siku kumi, kumi na moja, inapita kiangazi, inapita vuli, inapita masika. Piga 11 mara 33 unapata 363, karibu mwaka mzima. Maana yake Ramadhani inazunguka kalenda yote na kurudi ilipokuwa baada ya miaka 33 hivi.

Sasa chukua miaka mitatu mikuu ya msimu wa kwanza: 1953, 1986, 2019. Nikaenda kuangalia. Ramadhani ya 1953 ilianza mwezi wa tano. Ya 1986, mwezi wa tano. Ya 2019, mwezi wa tano. Nywele zilinisimama. Na nikakumbuka 2019 hiyohiyo mama yangu amekaa kibarazani anachambua mchele wa daku, mvua ya masika inanyesha, akasema mfungo huu ndo ule niliofunga nikiwa na mimba yako. Mimi nikajua anazungumza tu ya wazee. Mimi nimezaliwa 1986. Mama hajawahi kuona Dark hata epi moja, lakini hesabu ya Tannhaus anaijua kwa tumbo.

Fizikia haisemi kwamba mwezi na jua vikikutana pango linafunguka, hiyo wameongeza wao. Ila namba yenyewe hawakuiokota barabarani.

Sayansi nyingine humo ni ya kweli?

Nusu nusu. Wanataja daraja la Einstein na Rosen, hilo lipo kwenye karatasi, hao mabwana wawili waliliandika mwaka 1935, njia ya mkato inayounganisha sehemu mbili za anga na muda. Hesabu zinaliruhusu, ila hakuna aliyewahi kuliona.

Kwenda mbele ya muda kidogo, hilo linapimika. Mwaka 1971 walipandisha saa za atomiki kwenye ndege za abiria, wakazungusha dunia, zikarudi zimepishana na zilizobaki chini. Vipande vidogo mno vya sekunde, lakini zimepishana. Hata satelaiti zinazoongoza ramani ya simu yako saa zake zinakimbia: gawanya sekunde moja mara milioni, chukua vipande 38, ndo zinavyotangulia kila siku. Wasiporekebisha, bodaboda anakupeleka mtaa wa pili. Ila kurudi nyuma ukamzuie babu yako asioe, hapo bado.

Winden ipo? Na kile kinu?

Winden ya hadithi haipo, wamepiga picha Berlin na maeneo ya jirani. Lile kanisa la mbao lipo kwenye makaburi makubwa ya Stahnsdorf, nje kidogo ya mji.

Kinu ni hofu ya kweli kabisa. Chernobyl ililipuka tarehe 26 Aprili 1986, upepo ukaleta mionzi mpaka Ujerumani, watu wakakatazwa uyoga, wakaogopa maziwa, watoto wakazuiwa kuchezea mchanga. Odar kazaliwa 1978, kwahiyo ilimkuta na miaka minane, umri wa kuogopa na kukumbuka. Kile kitu chenye mionzi kinachoitwa cesium 137, wanachokitaja kwenye tamthilia, ndicho kilichoanguka na mvua, na mpaka leo nguruwe pori wa misitu ya Bavaria wanapimwa kwanza kabla ya kuliwa. Baada ya ajali ya kinu cha Fukushima kule Japani 2011 Wajerumani wakaamua kuachana na nyuklia, na vinu vitatu vya mwisho vikazimwa tarehe 15 Aprili 2023. Ndo maana kinu cha Winden kinaonekana kama mzee anayesubiri kustaafu.

Barua aliyoiacha baba yake Jonas imeandikwa isifunguliwe kabla ya saa ngapi?

Tarehe 4 Novemba, saa 4 na dakika 13 usiku. Sabtaito itakwambia 10:13, ni ileile. Nimeandika kwa sababu kuna mtu alinibishia wiki nzima.

STOPU. Kuanzia hapa hakuna uhondo utakaobaki.

Kwahiyo Jonas na Martha ni ndugu?

Martha ni shangazi yake. Mikkel alipotea 2019 akatokea 1986, akalelewa na Ines, akaitwa Michael, akakua, akamuoa Hannah, wakamzaa Jonas. Mikkel ni mdogo wake Martha. Dada wa baba unamwitaje? Basi. Katika lugha nyingine neno ni moja kwa dada wa baba na dada wa mama, watu wanashtuka nusu. Kwetu neno shangazi lenyewe lina kanga yake na sauti yake, anayekuja kukukanya siku ya harusi, sasa mtoto wa watu anambusu shangazi yake ziwani na hajui.

Endelea na mistari. Magnus ni baba yake mkubwa. Ulrich na Katharina ni babu na bibi yake. Halafu rudi kwa Hannah, aliyekuwa anatembea na Ulrich. Ulrich ni nani kwa Hannah? Ni baba mzazi wa mumewe. Hannah alikuwa anatembea na baba mkwe. Nilipofika hapo kwenye kalenda yangu nikaweka kalamu chini nikatoka nje kupunga upepo. Mkwe ni mtu ambaye kwa wengine hata kukaa naye meza moja ni mtihani!

Ya Charlotte na Elisabeth naomba unieleze taratibu.

Taratibu haisaidii lakini haya. Charlotte na Peter wamemzaa Elisabeth. Elisabeth akakua baada ya kiama, akampata Noah, yule anayevaa kama padri, wakamzaa Charlotte, na kale katoto kakachukuliwa kakapelekwa nyuma, kakalelewa na fundi saa Tannhaus. Kwahiyo kila mmoja ni mama wa mwenzake na mtoto wa mwenzake. Charlotte ni bibi wa nafsi yake.

Na Peter? Mume wa Charlotte, na hapohapo babu yake mzaa mama. Huku kwetu babu akimwita mjukuu wake "mke wangu, njoo unisalimie" watu wote wanacheka, ni utani wa babu na mjukuu. Winden wamechukua utani wetu wakaupeleka msajili wa ndoa.

Nani aliitengeneza ile mashine ya shaba?

Tannhaus, kwa kunakili michoro na mashine aliyoletewa kutoka mbele, ambayo ni hiyohiyo atakayoitengeneza. Na kitabu chake cha safari za muda nacho kinazunguka hivyohivyo, hakina siku mtu alikaa akakifikiria mara ya kwanza. Usitafute mwanzo wake, haupo. Mama mmoja jirani aliniambia ni kama umbea wa mtaani, kila mtu kausikia kwa mwenzake. Sijapata maelezo bora.

Adam ni Jonas kweli? Mbona hawafanani?

Adam, yule mzee anayeongoza wasafiri wa muda, ni yeye, uso umeharibiwa na safari. Wengi mnagoma kukubali kwa sababu mnampenda yule kijana wa koti la njano. Angalia lakini kila mara Jonas mkubwa anavyomdanganya Jonas mdogo "kwa faida yake", hapo utaona Adam anavyojengwa kidogo kidogo. Yale maneno ya mlango wa pangoni, Sic Mundus Creatus Est, ni Kilatini, hivi ndivyo dunia ilivyoumbwa, imetoka kwenye maandishi ya kale ya wataalamu wa kugeuza madini yanayoitwa Tabula Smaragdina, yaleyale aliyochorwa Noah mgongoni.

Msimu wa tatu umenipoteza kabisa.

Kalenda ya pili, igeuze, bandika pembeni ya ile ya kwanza. Kuna dunia ya pili, na kule Mikkel hakusafiri, kwahiyo Jonas hakuzaliwa. Dunia mbili, Adam anatawala moja, Eva anatawala nyingine, na Eva ni Martha akizeeka. Mtoto wao, yule asiye na jina anayetembea watatu watatu, kijana, mtu mzima na mzee, ndo fundo linalounganisha. Kuona uko dunia gani angalia nywele za Martha, kule zina panki mbele ya paji. Mimi naona epi ya tatu mpaka ya tano zimeburuzwa kidogo, wangeweza kupunguza safari mbili tatu, lakini vumilia.

Sasa yote yalianzia wapi?

Kwenye msiba. Claudia ndo aligundua kuna dunia ya tatu, ya asili. Huko Tannhaus aligombana na mwanawe, kijana akachukua mke na mtoto mchanga akaondoka kwa gari usiku kwenye mvua, wakafa wote. Mzee akakaa miaka anatengeneza mashine ya kuwarudisha, alipoiwasha dunia ikapasuka mara mbili. Jonas na Martha wanaenda kusimama barabarani usiku ule, gari linageuza, kijana anarudi kwa baba yake, na wao wawili wanafutika.

Halafu kumbuka epi ya kwanza inafungua na maneno ya Einstein kwamba jana, leo na kesho ni kiini macho tu. Watu wanayachukulia kama maneno ya darasani. Einstein aliyaandika Machi 1955 kwenye barua ya rambirambi, kwa familia ya rafiki yake Michele Besso aliyekuwa amefariki, na yeye mwenyewe akafa mwezi uliofuata. Ni mkono wa pole ule. Nilipolijua hilo nikarudia misimu yote mitatu, na safari hii sikushika kalamu.

Nimemaliza, niangalie nini?

Odar na Friese walitoa tamthilia nyingine, 1899, Novemba 2022, meli ya wahamiaji, lugha kibao. Nzuri, lakini Netflix waliikata Januari 2023 baada ya msimu mmoja, kwahiyo hiyo ndo itakuacha hewani. Nimekuonya.

Swali la mwisho: jicho la Wöller lilipatwa na nini?

Yule polisi msaidizi mwenye plasta jichoni, ndiyo. Misimu mitatu kila akitaka kueleza anakatizwa. Kwenye dunia nyingine jicho ni zima ila mkono hana, na huo pia haelezi. Epi ya mwisho kabisa, wako mezani wanakula, mvua inanyesha nje, wanamuuliza, na safari hii hakuna simu ya kazini wala mtu wa kumkatiza, anaweka sawa koo, anaanza kusimulia, na umeme unakatika.